SHAVU LA MGUU LIKIUMA GHAFULA: MAUMIVU YA KUNGOJA NA MAUMIVU YASIYONGOJA



Leo tuzungumze juu ya mguu, zaidi juu ya ile nyama nene iliyo nyuma, kati ya goti na kisigino. Wengine wanaiita kigimbi, wengine wanasema shavu la mguu. Kila siku inakubeba: kupanda ngazi za mine, kusukuma mzigo, kushuka kutoka kwenye kamyo, kusimama saa nane mbele ya mashini. Kwa kuwa hailalamiki, siku inapolia tunaidharau. Mtu anagonga mguu kwenye chuma, anasema: "Itapita." Jioni anafika nyumbani akichechemea. Mama anachemsha maji, mtoto anatumwa kutafuta mafuta, na jirani mwenye mikono ya nguvu anaitwa aje kukanda.

Mara nyingi kweli inapita. Lakini kuna siku ambapo kukanda huko kunaweza kumpoteza mtu mguu, ao hata maisha. Shida ni kwamba maumivu ya hatari na maumivu yasiyo ya hatari yanaweza kufanana mwanzoni. Basi tujifunze kuyatenganisha. Si lazima uwe mganga. Yatosha kujiuliza maulizo matatu:

– Maumivu yalianza lini?
– Yanapungua, ao yanaongezeka?
– Mguu huu unafanana na mwenzake?

Yashike maulizo hayo, maana tutayatumia mpaka mwisho wa ukurasa huu.

MGUU UMEJENGWA NAMNA GANI?

Ndani ya shavu la mguu mna misuli miwili mikubwa. Chini inaungana na kuwa kano moja nene, yenye nguvu kuliko kano zote za mwili, nayo imeshikamana na kisigino. Ndiyo kamba inayoinua kisigino unapotembea.

Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko ya utando mgumu usiovutika, kama unga ulioshindiliwa ndani ya gunia. Ndani ya mifuko hiyo hiyo hupita mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Mishipa mingine ya damu inaleta damu kutoka moyoni. Mingine, inayoitwa vena, inairudisha juu.

Damu hiyo haipandi kwa urahisi. Kila hatua unayopiga, misuli inazikamua vena, na damu inapanda, kama vile pompi inavyotoa maji chini ya mine. Mguu ukilala siku nyingi bila kutembea, pompi imesimama. Nanyi watu wa mine mnajua vizuri kinachotokea pompi ikisimama.

Sasa tuone mambo manne yanayoweza kuleta maumivu ya ghafula.

1. MSULI ULIOPASUKA

Mtu anaruka kutoka kwenye kamyo, ao anasukuma mzigo mzito mguu mmoja ukiwa nyuma. Ghafula anasikia kama amepigwa jiwe kwenye shavu la mguu. Wengi hugeuka wakitafuta nani aliyewapiga teke, wala hawaoni mtu. Ni nyuzi za msuli zimepasuka, mara nyingi upande wa ndani, sehemu ya juu ya shavu.

Maumivu yanaanza saa ile ile. Anatembea akichechemea, na akijaribu kusimama kwa vidole inamuuma sana. Baada ya siku moja ao mbili ngozi inaweza kugeuka rangi, na damu iliyovuja ndani inashuka mpaka kwenye kifundo. Jambo hilo la kushuka linawaogopesha watu wengi, lakini ni damu inayofuata njia ya maji, inaelekea chini.

Msuli uliopasuka kidogo unapona kwa majuma mawili ao matatu. Ukipasuka sana, unataka majuma sita na zaidi. Alama yake njema ni hii: kila siku maumivu yanapungua kidogo. Hata hivyo, uje dispanseri tukuangalie, ili tujue kama ni msuli kweli, na kama kazi yako inakuruhusu kuendelea.

2. KANO ILIYOKATIKA

Hii tunaiona zaidi kwa watu wa miaka thelathini na zaidi, katika mechi ya wakongwe siku ya Jumapili, mtu ambaye hajakimbia tangu mwaka uliopita. Anaanza mbio, anasikia mlio nyuma ya kisigino kama fimbo iliyovunjika, kisha anaanguka.

Hapa kuna udanganyifu mkubwa. Baada ya dakika chache maumivu yanaweza kupungua, naye anaweza hata kutembea, kwa sababu misuli mingine midogo inamsaidia. Basi anasema ameteguka tu. Lakini hawezi kusimama kwa vidole vya mguu ule mmoja, na akipapasa juu ya kisigino anaweza kusikia shimo mahali kamba ilipokuwa.

Kuna kipimo ambacho waganga wanakitumia tangu miaka ya 1950 na 1960. Mgonjwa analala kifudifudi, miguu ikitoka nje ya kitanda. Unaminya shavu la mguu kwa mkono. Kwenye mguu mzima, unyayo unajisogeza wenyewe. Kwenye mguu ambao kano yake imekatika, unyayo unabaki kimya. Kipimo hiki kinafaa saa za kwanza baada ya kuumia. Kama siku zimepita na mguu umevimba, usiuminye, uje tu. Na hata kipimo kikionekana chema, kama hawezi kusimama kwa vidole, sherti aonwe.

Kano iliyokatika inatakiwa kuonwa siku ile ile. Mganga anaweza kuufunga mguu kwa plata vidole vikielekea chini, ao kushona. Mtu akikaa majuma mengi nyumbani anakandwa mafuta, ncha mbili za kano zinaachana, na kazi ya kuziunga inakuwa ngumu. Atachechemea muda mrefu, pengine siku zote.

3. MGUU UNAOKAZA KAMA UBAO

Sasa tunafika kwenye mambo yasiyongoja.

Jiwe linaanguka juu ya mguu, ao mguu unabanwa kati ya vyuma viwili, ao mfupa unavunjika. Ndani, misuli inavimba. Lakini nimekwisha kusema, misuli imo ndani ya mfuko usiovutika. Uvimbe hauna pa kwenda. Unaanza kubana mishipa ya damu, na msuli unakosa damu, kama mtu aliyefungiwa mahali pasipo hewa. Baada ya saa sita hivi bila damu, msuli unaweza kufa, na uliokufa haufufuki.

Alama zake ni hizi:

– Maumivu yanazidi saa kwa saa, makali kuliko jeraha linavyoonekana, na vidonge haviyatulizi.
– Ukivikunja ao kuvinyoosha vidole vya mguu vya mgonjwa, anapiga kelele.
– Mguu umekaza kama ubao.
– Mgonjwa anasikia sindano sindano, ao ganzi kwenye unyayo.

Usingoje mguu uwe baridi, ao vidole visitikisike. Hizo ni alama za kuchelewa. Jambo hili linaweza kuja hata kama ngozi haikupasuka na hakuna tone la damu. Linaweza kuja pia ndani ya plata ao bande iliyokaza mno. Kwa hiyo, mtu aliyefungwa plata asubuhi akilia usiku kwa maumivu, jamaa wasimwambie avumilie. Bande ilegezwe mara moja, mguu uwekwe sawa na moyo, usiinuliwe juu, na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo. Plata hamtaikata nyumbani, itakatwa na waganga. Dawa ya ugonjwa huu ni mganga wa upasuaji kuufungua ule mfuko ili msuli upate nafasi. Hakuna kidonge wala mzizi unaoweza kufanya kazi hiyo.

Na kwa ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi, kuna neno la kuongeza. Mwaka 1941, wakati mji wa London ulipokuwa ukipigwa na mabomu, Bywaters na Beall waliandika juu ya watu waliotolewa chini ya nyumba zilizobomoka, miguu yao ikiwa imebanwa kwa saa nyingi. Walipotolewa walionekana wazima, lakini siku zilizofuata figo zao zilikataa kufanya kazi, na wengine walikufa. Sumu ya misuli iliyopondeka ilikuwa imeingia katika damu. Jambo hilo linaweza kumpata pia mtu aliyefunikwa na mawe ya mine. Kwa sababu hiyo, mwenzenu aliyebanwa saa nyingi asirudishwe nyumbani kwa kuwa anasema, "Mimi mzima." Apelekwe hospitali. Na mkojo wake ukiwa mweusi kama chai kavu, mwambieni mganga bila kukawia.

4. DAMU ILIYOGANDA

Maumivu haya ndiyo ya werevu kuliko yote, kwa sababu hayaji siku ya ajali. Yanakuja siku nyingi baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi ameumia kifundo. Amefungwa plata, amepewa siku za kupumzika. Anakaa nyumbani, mguu juu ya kiti, hatembei. Juma la pili ao la tatu, asubuhi moja, shavu la mguu linaanza kuuma. Uzito, kama mkazo wa misuli usioisha. Hajaanguka tena, hajagongwa. Jamaa wanasema: "Ni kukaa sana, tumkande."

Ngojeni kwanza! Kumbukeni pompi iliyosimama. Damu isiyotembea ndani ya vena inaweza kuganda. Kipande hicho kikikatika, kinapanda na damu mpaka moyoni, na kutoka hapo kinaingia mapafuni na kuziba njia. Mtu anakosa pumzi ghafula, anaweza kufa kwa dakika chache. Na mkono unaokanda unaweza kuwa ndio uliokisukuma.

Alama za damu iliyoganda ni mguu mmoja kuvimba, kuwa wa moto kuliko mwenzake, na kuuma unapougusa ao unapotembea. Vitabu vinasema pia kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza usionekane, basi tumieni mgongo wa mkono kusikia joto. Tena, chukueni mita ya fundi wa nguo. Tafuteni ule mfupa unaojitokeza chini ya goti, shukeni sentimeta 10, mpime unene wa miguu yote miwili mahali pale pale. Tofauti ikizidi sentimeta 3, ni alama kubwa. Lakini tofauti ikiwa ndogo, msiseme hatari haipo. Maumivu yaliyoanza upya yanatosha kumleta mtu siku ile ile. Na kama mguu umo ndani ya plata na hauwezi kupimwa, ndiyo sababu zaidi ya kuja upesi.

Nani aangaliwe zaidi? Mwenye plata, aliyelala kitandani muda mrefu, aliyepasuliwa karibuni, aliyewahi kuganda damu, mwenye kansa, na aliyekaa safarini siku nzima bila kunyoosha miguu. Nanyi mama pia: mimba, na majuma sita baada ya kuzaa, zaidi kama mlipasuliwa, ni wakati ambao damu huganda kwa urahisi. Baba wa nyumba akisikia mkewe analalamika mguu mmoja baada ya kuzaa, asiseme ni uchovu.

Ugonjwa huu una dawa. Mganga anaweza kuutafuta kwa mashini ya kuona ndani ya mwili na kutoa dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda. Mara nyingi zinatumiwa muda wa miezi mitatu ao zaidi, kila siku bila kuruka. Anayeziacha mguu unapoacha kuuma anajirudisha hatarini.

UFANYE NINI SAA ILE ILE?

Ukisikia maumivu ya ghafula kazini:

1. Simamisha kazi. Usijaribu "kuupasha mguu moto" kwa kuendelea.
2. Mwambie mkubwa wa ekipi, hata kama posti inakaribia kwisha.
3. Vua kiatu cha bote polepole, uone mguu. Ukionekana umepinda, ao mfupa umetoka, usimame hapo. Mguu ufungwe kwenye ubao jinsi ulivyo, na mgonjwa abebwe.
4. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 ao 20, urudie kila baada ya saa mbili ao tatu. Barafu isiguse ngozi yenyewe.
5. Funga bande kutoka vidoleni kuelekea goti, bila kukaza. Vidole vikifa ganzi ao kuwa baridi, legeza.
6. Weka mguu juu kidogo ya mto, isipokuwa kama umekaza kama ubao. Hapo uwe sawa na moyo.
7. Kwa maumivu, paracetamol inafaa, kwa kipimo kilichoandikwa. Aspirini inazidisha kuvuja kwa damu, uiache.
8. Kama kuna kidonda, kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha uulize juu ya sindano ya pepopunda.

MAMBO YA KUACHA

Siku tatu za kwanza, usikande, usiweke maji ya moto, usipake bome ya kuchoma, usinywe pombe. Damu inayovuja ndani itazidi. Na kama mguu mmoja umevimba na kuwa wa moto baada ya siku kadhaa, usikandwe kabisa mpaka mganga aseme.

Chanjo za wembe juu ya shavu lililovimba ziachwe. Ninawaheshimu wazee wanaojua miti, na wengi wametusaidia kumshawishi mgonjwa aje hospitali. Lakini wembe unafungua mlango kwa usaha na pepopunda, wala hauifikii damu iliyoganda ndani. Vilevile sindano za matakoni kutoka kwa muuza dawa wa sokoni hazimsaidii mtu ambaye hatujajua anaumwa nini.

LINI UENDE KWA MGANGA?

Kata sehemu hii, uibandike mlangoni.

Mara moja, hata usiku wa manane:
– Kukosa pumzi ghafula, kuumwa kifua unapovuta pumzi, kukohoa damu ao kuzimia, mtu akiwa na mguu unaouma ao aliyeumia karibuni.
– Mguu uliokaza kama ubao, maumivu yanayozidi, ganzi.
– Vidole baridi ao visivyotikisika.
– Mfupa uliovunjika, ao damu isiyokoma.
– Kila aliyebanwa na jiwe ao chuma muda mrefu.

Siku ile ile:
– Shavu la mguu lililoanza kuuma upya, ao mguu mmoja uliovimba na wa moto.
– Mlio kwenye kisigino, ao kushindwa kusimama kwa vidole.
– Kushindwa kupiga hatua nne.
– Homa, pamoja na mguu mwekundu ao wa moto. Mtoto aliyeanguka, kisha mguu ukauma na homa ikapanda, aletwe bila kungoja kesho.

Kesho yake ao baada ya siku mbili:
– Maumivu madogo, unatembea, hakuna uvimbe mwingi. Yakipungua, vema. Yasipopungua, njoo.

NENO KWA ANAYEFICHA

Ninajua kwa nini wengi wanaficha. Mmoja anaogopa kupoteza nyongeza ya mshahara. Mwingine anaogopa wenzake watamwita mvivu. Mwingine ni wa kampuni ndogo yenye mkataba, anafikiri hana haki kama wengine. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 inamdai mwajiri amtunze mfanyakazi na jamaa yake wanapougua ao kupata ajali, na haitenganishi kampuni kubwa na ndogo. Tena Caisse Nationale de Sécurité Sociale inasimamia ajali za kazi, hata ajali ya njiani unapoenda kazini ao kurudi. Lakini ajali isiyoandikwa ni ngumu kuithibitisha. Mguu uliogongwa Jumatatu ukaganda damu juma la tatu, nani atajua kwamba ulianzia kazini, kama siku ile hukusema neno? Basi iandikishe siku ile ile: saa, mahali, na majina ya walioona.

Nanyi wakubwa wa ekipi, mtu anayesema ameumia asichekwe mbele ya wenzake. Mkimcheka leo, kesho kumi watanyamaza, na mmoja wao atakuwa yule mwenye mguu uliokaza kama ubao.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Mguu ulioumia vya kawaida unapata nafuu siku kwa siku. Unaozidi kuuma, ao unaoanza kuuma upya baada ya kutulia, unakuita. Acha mafuta, acha maji ya moto, uje dispanseri. Mlango uko wazi, usiku na mchana.

Msaidizi wa Mganga,
Idara ya Afya